File Explorer ikianguka, uliza kwanza ulikuwa unafanya nini

Jioni moja niliitwa kwenye duka la steshenari lililo mkabala na geti la chuo. Foleni ilikuwa imefika barazani: wanafunzi wameshika flashi mkononi, kila mmoja na kazi ya kukusanya kesho asubuhi. Mwenye duka akanipisha kitini. "Kaka, hebu ona mwenyewe," akasema, akabofya faili la PDF kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Kioo kikapepesa. Taskibaa ya chini ikatoweka, aikoni zote za deskitopu zikafutika, ikabaki picha ya nyuma peke yake. Zikapita sekunde tatu au nne, vyote vikarudi, isipokuwa dirisha la folda alilokuwa amelifungua. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Fundi aliyetangulia alikuwa ameshamwambia dawa ni kupiga Windows upya, na yeye alikuwa anatafuta tu pa kuhifadhi mafaili ya wateja kabla diski haijafutwa.

Nikamwomba abofye kulia mahali patupu. Menyu ikaja. Abofye kulia folda. Ikaja. Picha, hati ya Word, zote zikakubali. Akirudi kwenye PDF, kioo kinafutika. Tulikuwa bado hatujagusa kitu ndani ya mashine ile, lakini zaidi ya nusu ya jibu tulikuwa tumeshaipata: Windows haikuwa imeoza. Kilichokuwa kinaiangusha ni kitu kinachoamka pale tu PDF inapobofywa kulia.

Naandika haya kwa sababu nimeona kompyuta nyingi zikifutwa bure. File Explorer, programu ya kufungulia folda na mafaili, ikigoma, mtu anaona kompyuta nzima imekufa, na hofu hiyo inamfanya akubali tiba kubwa kuliko ugonjwa. Kumbe mara nyingi inayoanguka siyo inayoumwa.

Kwa nini kila kitu kinatoweka pamoja

Kwenye Windows 3.1 kazi ziligawanywa. Program Manager ilikuwa ya kufungulia programu, na File Manager ilikuwa ya kupekulia mafaili. Ya pili ikifa, ya kwanza inabaki imesimama. Windows 95 ilipotoka tarehe 24 Agosti 1995, Microsoft waliziunganisha kazi hizo kwenye programu moja, explorer.exe. Hiyo ndiyo inayochora deskitopu, taskibaa na menyu ya Start, na hiyo hiyo ndiyo inayofungua dirisha la folda zako. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 dirisha hilo linaitwa File Explorer badala ya Windows Explorer, lakini programu ya chini haikubadilika jina. (Ile File Manager ya zamani haijapotea: mwaka 2018 Microsoft waliuweka msimbo wake wazi, na anayeitaka anaweza kuiendesha kwenye Windows ya leo.)

Ndiyo maana dirisha la folda likianguka, taskibaa na aikoni huondoka nalo. Sehemu nyingine ya Windows iitwayo winlogon inaona kwamba Explorer imekufa na inaiwasha upya yenyewe. Kupepesa kwa kioo kulikomtisha mwenye duka ni huko kufa na kufufuka, na mafaili yake hayakuhusika kabisa. Yapo kwenye diski. Explorer ni dirisha la kuyatazamia, na dirisha likivunjika vyombo vya ndani havijaibiwa.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba Explorer haikai peke yake. Kila unapoweka kwenye kompyuta programu ya kubana mafaili, ya kusoma PDF, ya kuhifadhi vitu mtandaoni, au kinga ya virusi, nyingi huacha kipande chao ndani ya Explorer. Kipande hicho ni faili la DLL, na kazi yake ni kuongeza mstari kwenye menyu ya kubofya kulia, au alama ndogo ya kijani juu ya aikoni, au picha ya mfano (thumbnail) ya video. Tatizo ni kwamba vipande vya menyu huendeshwa humo humo ndani ya Explorer, katika kumbukumbu ile ile, bila ukuta katikati.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na luku moja. Mpangaji wa chumba cha nne akichomeka hita mbovu, swichi kuu inajikata na nyumba yote inaingia giza, hata chumba cha yule asiye na hita. Wapita njia watasema nyumba ya mzee fulani haina umeme. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Explorer: kipande kimoja cha programu ya mtu mwingine kikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa, Windows inaizima programu yote iliyokibeba, na ujumbe unaobaki kwenye kioo unaitaja Explorer. Jina la mpangaji halitajwi.

Microsoft wanaujua udhaifu huu na baadhi ya vyumba wamevipa luku yake. Vipande vinavyoonyesha yaliyomo kwenye faili pembeni mwa dirisha huendeshwa kwenye programu tofauti, prevhost.exe. Picha za mfano za video na nyaraka kwa kawaida hutengenezwa na dllhost.exe, ile unayoiona kwenye orodha kwa jina la COM Surrogate. Vikianguka hivyo, Explorer inabaki. Menyu ya zamani ya kubofya kulia haikupewa ukuta huo, na kwa uzoefu wangu huko ndiko kunakotoka kesi nyingi kuliko pengine pote.

Kuganda siyo kuanguka

Kabla ya kutafuta mkosaji, tenganisha mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. Kuanguka ni kile kioo kupepesa na vitu kutoweka. Kuganda ni dirisha kufifia, maneno "Not Responding" kutokea juu, na kipanya kuzunguka bila kikomo. Windows huhesabu dirisha kuwa limeganda likikaa sekunde 5 bila kujibu. Aliyeganda hajafa. Anasubiri kitu, na mara nyingi ni diski inayosomeka kwa taabu, flashi mbovu, au kompyuta nyingine ya mtandao wa ofisi ambayo imezimwa. Aliyeanguka amegongwa na msimbo mbaya. Ukiwachanganya hawa wawili, utatumia siku nzima kutafuta kipande kibovu cha programu wakati ugonjwa uko kwenye waya wa diski.

Ikiganda na unataka kuendelea na kazi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager inafunguka hata kama taskibaa imekufa. Kwenye orodha tafuta "Windows Explorer", ichague, kisha bonyeza "Restart". Usiizime kwa "End task" ukiweza kuepuka, maana kwa njia hiyo unaweza kubaki na kioo kitupu. Ukibaki nacho usihangaike: humo humo kwenye Task Manager kuna "Run new task". Andika explorer.exe, bonyeza OK, deskitopu inarudi. Kuwasha upya hakuponyi kitu, ila kunakupa nafasi ya kuangalia kwa utulivu.

Kumsoma aliyeanguka

Windows huandika kila anguko kwenye daftari lake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, kisha fungua "Windows Logs" na chini yake "Application". Tafuta alama nyekundu za muda ule ule Explorer ilipoanguka. Anguko huandikwa kwa namba 1000 na chanzo chake ni "Application Error". Kuganda huandikwa kwa namba 1002. Ukifungua tukio la 1000 utakuta mistari mingi ya namba ndefu, lakini miwili ndiyo yenye maana kwako. Wa kwanza unataja programu iliyoanguka, nao utasema explorer.exe. Wa pili unaanza na "Faulting module name", na hapo ndipo mpangaji anapotajwa.

Dukani kwa yule jamaa mstari wa pili ulitaja DLL yenye jina lisilo la Microsoft, na njia yake chini kabisa ya tukio ilielekea kwenye folda ya programu ya bure ya kuunganisha kurasa za PDF. Nilipomuuliza, akashangaa: "Hiyo si niliitoa siku nyingi?" Alikuwa ameitoa kweli, lakini programu zilizotengenezwa ovyo huondoka na kuacha kipande cha menyu nyuma. Kilikuwa kinaitwa kila PDF ilipobofywa, kinatafuta wenzake ambao hawapo tena, kinaanguka na nyumba nzima.

Kuna mtego hapa lazima niutaje. Mara nyingi mstari ule utataja ntdll.dll au KERNELBASE.dll, na hizo ni za Windows yenyewe. Usikimbilie kusema Windows imeharibika. Hizo ni njia kuu ambazo kila programu hupita, na gari likipinduka barabarani, barabara haimaanishi ndiyo iliyokuwa imelewa. Jina la namna hiyo linakuambia anguko lilitokea wapi. Nani alisababisha, hapo itabidi utafute kwa njia nyingine. Na ukiona kila anguko linataja jina tofauti, leo hili kesho lile bila mpangilio, acha kabisa kuzitilia shaka programu na uangalie RAM. Andika mdsched kwenye kile kisanduku cha Windows na R, uiruhusu kompyuta ijiwashe upya na kupima kumbukumbu yake. RAM mbovu huangusha yeyote atakayekanyaga eneo lake, bila kuchagua.

Kwa asiyependa mistari ya daftari, andika perfmon /rel mahali pale pale. Utaona kalenda ya siku zako na alama nyekundu siku za maanguko, na chini yake programu zilizowekwa au kusasishwa siku hizo. Ukikuta Explorer ilianza kuanguka Jumanne, na Jumatatu usiku kuna programu mpya iliingia, umeshapata pa kuanzia.

Jina lisipojulikana, tumia njia ya kugawa nusu kwa nusu. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo ShellExView, ya NirSoft, inayoorodhesha vipande vyote vilivyojipachika kwenye Explorer na kuvipaka rangi ya waridi vile visivyo vya Microsoft. Vya Microsoft usiviguse. Vizime vyote vya waridi kwa mara moja, uwashe Explorer upya, kisha ufanye kile kitendo kilichokuwa kinaiangusha. Isipoanguka, mkosaji yumo kati ya ulivyovizima. Washa nusu yake, jaribu. Ikianguka yuko kwenye nusu hiyo, isipoanguka yuko kwenye nusu nyingine. Vikiwa 32, majaribio 5 yanakufikisha kwa mmoja. Kuzima huku hakufuti programu. Unapoteza mstari wake kwenye menyu, basi, na ukijuta unaurudisha. Ndiyo sababu naipenda njia hii kuliko kuingia kwenye rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake, na kufuta kwa mkono, kwani ukikosea mstari mmoja kule hakuna anayekuonya.

Kwenye Windows 11 kuna ishara nyingine ya kusaidia. Menyu ya kwanza unayoiona ukibofya kulia ni fupi, ya kisasa. Ile ndefu ya zamani hutokea ukichagua "Show more options". Ikiwa ile fupi inakuja salama na Explorer inaanguka unapodai ile ndefu, wapangaji wa zamani ndio wa kuwahoji.

Pale dukani tulizima kipande kimoja tu. PDF ikabofywa kulia, menyu ikashuka, foleni ikaanza kusogea.

Inapogoma hata kufunguka

Kesi nyingine zina sura tofauti. Unabonyeza aikoni ya folda ya manjano, dirisha linafunguka, mstari wa kijani unajikokota juu, na hakuna kinachotokea. Hapa kumbuka kwamba Explorer ikifunguka haionyeshi diski zako kwanza. Inaonyesha folda unazozipenda na mafaili uliyoyafungua karibuni, na ili ikuonyeshe hayo inabidi iyaulizie yalipo. Kama moja lilikuwa kwenye flashi iliyochomolewa, au kwenye folda ya kompyuta ya mhasibu ambayo leo haijawashwa, inasubiri jibu la mtu ambaye hayupo. Maofisini hii ni kesi ya kila wiki, na watu humlaumu kirusi.

Dawa haihitaji Explorer ifunguke. Bonyeza Windows na R, andika control folders. Kwenye "Open File Explorer to" chagua "This PC", na chini yake bonyeza "Clear" ili historia ifutwe. Unachofuta ni kumbukumbu ya ulikopita tu, mafaili yenyewe hayaguswi. Kama kuna diski ya mtandao isiyotumika tena, yenye alama nyekundu ya X, ikate kabisa.

Ikiwa inagoma kwenye folda moja tu, ya video au ya picha za harusi kwa mfano, shaka iende kwenye picha za mfano. Ndani ya folda hiyo kuna faili lililokatika katikati wakati wa kupakuliwa, na kila anayejaribu kulitengenezea picha anakwama. Katika kisanduku kile kile cha control folders, nenda "View" uweke tiki kwenye "Always show icons, never thumbnails". Folda ikifunguka, umelijua tatizo. Panga kwa tarehe, uhamishe faili la karibuni, kisha uondoe tiki. Folda kubwa ya vitu vilivyopakuliwa ikiwa nzito bila sababu, angalia sifa zake kwenye "Customize". Mara nyingine Windows imeihesabu kuwa ya picha au video na inapekua kila faili. Ichague "General items".

Diski ikianza kulia

Sehemu hii ndiyo ninayoomba isisomwe haraka. Explorer ikiganda kila unapoingia diski fulani, na kwenye daftari, chini ya "System", kuna matukio yenye chanzo "disk" na namba 7 au 153, acha kutengeneza. Namba 7 inasema kuna kipande cha diski hakisomeki. Namba 153 inasema Windows iliomba kitu, ikakosa, ikalazimika kuomba tena. Hapo kazi ya kwanza ni kuokoa mafaili, maana kila saa unayoitumia kuitibu Explorer ni saa unayoizungusha diski inayokufa.

Usiyaokoe kwa kuyaburuta kwenye madirisha. Fungua Task Manager, "Run new task", andika cmd. Kwenye dirisha jeusi andika robocopy D:\Kazi E:\Kazi /E /R:1 /W:1, ukibadilisha herufi na majina kulingana na diski zako; robocopy ni amri ya Windows ya kunakili mafaili, kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Zile R na W ni muhimu sana. Bila hizo robocopy ikikutana na faili lisilosomeka hurudia mara milioni moja, na kila mara hungoja sekunde 30. Utaiacha usiku kucha ukidhani inahamisha, kumbe imekwama kwenye picha moja. Kwa R:1 inajaribu mara moja zaidi, ikishindwa inaliruka na kusonga mbele. Mafaili yakishakuwa mahali salama ndipo uendeshe chkdsk D: /f, amri ya kukagua na kurekebisha diski. Kuanza na chkdsk kwenye diski mbovu ni kosa nililoliona likigharimu watu picha za miaka.

Kwa flashi, tofauti ni ndogo lakini ina uzito wake. Diski ya ndani hutumia NTFS, mfumo wa kupanga mafaili ambao huandika kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyafanya, hivyo umeme ukikatika inaweza kujipanga upya. Flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, na zote mbili hazina kumbukumbu hiyo. Ukiichomoa wakati inaandika, orodha ya mafaili inabaki nusu, na Explorer inapojaribu kuisoma inaganda. Chkdsk huirekebisha mara nyingi.

Wenye maduka ya kuchapisha wanaijua pia flashi inayoonyesha folda zote zikiwa na mshale mdogo pembeni. Hapo Explorer haina kosa. Ni kirusi kilichozificha folda halisi na kuweka njia za mkato (shortcut) zenye majina yale yale, ili ukibofya kiingie kwenye kompyuta yako. Safisha kompyuta kwanza kwa kinga ya virusi, ufute zile njia za mkato, kisha kwenye dirisha jeusi andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi hiyo. Folda za mteja zitarudi kama zilivyokuwa.

Ikiwa kweli Windows ndiyo mbovu

Inatokea. Umeme unakatika wakati Windows inajisasisha, na mafaili yake yenyewe yanabaki nusu nusu. Dalili ni kwamba Explorer inaanguka bila kujali unafanya nini, pengine pamoja na menyu ya Start na mipangilio. Kwanza tengeneza akaunti mpya ya mtumiaji na uingie kwayo. Kama kule Explorer ni nzima, Windows haina neno. Kilichoharibika ni akaunti yako, na kuhamia kwenye mpya ni kazi ndogo kuliko kupiga Windows.

Kama kule pia inaanguka, fungua cmd kupitia Task Manager ukiweka tiki ya kuipa mamlaka ya msimamizi. Andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ngoja imalize, kisha sfc /scannow. Mpangilio huo una sababu. Sfc hulinganisha mafaili ya Windows na nakala zilizo kwenye ghala lake la ndani, ikikuta bovu inalibadilisha. Ghala lenyewe likiwa bovu, itabadilisha bovu kwa bovu. DISM ndiyo inayotengeneza ghala, na huvuta mafaili mazima kutoka Microsoft, kwa hiyo uwe na kifurushi cha kutosha cha intaneti na usiizime ikionekana imekwama kwenye asilimia fulani. Hukaa hapo muda mrefu.

Ukiingia kwenye akaunti na kukuta kioo cheusi chenye kipanya tu, na explorer.exe inafunguka ukiiita kwa mkono lakini haiji yenyewe, huenda kuna aliyebadilisha amri ya kuwasha deskitopu. Fungua regedit, programu ya kuhariri rejista, angalia HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon. Thamani ya "Shell" inatakiwa kuwa explorer.exe, bila kitu kingine mbele wala nyuma. Virusi hupenda kujiandika hapo. Hupenda pia kujiita explorer.exe, kwa hiyo kwenye Task Manager bofya kulia jina hilo na uangalie faili lake linakaa wapi. Ile halali iko C:\Windows. Ikitokea Temp au System32, umempata.

Yote yakishindikana bado kuna hatua moja kabla ya kufuta diski. Tengeneza flashi ya Windows ya toleo lile lile, lakini usiiwashie kompyuta kwa flashi hiyo. Ingia kwenye Windows yako inayoumwa, uite setup.exe ya kwenye flashi kupitia "Run new task", kisha uchague kubaki na mafaili na programu zako. Windows inajipanga upya juu ya ile ya zamani, na kila kitu chako kinabaki mahali pake. Ukiwashia kutoka kwenye flashi, chaguo hilo la kubaki na programu hulipati, na mafundi wengi huishia kufuta kwa sababu wanaanzia hapo. Kompyuta iwe kwenye chaji, na kama ni ya mezani isiyo na UPS, ifanye saa ambazo umeme wa mtaani kwenu haukatiki. Walio bado na Windows 10 wajue pia kwamba Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025; kama mashine inakubali Windows 11, huo ndio wakati wa kuhamia, kwa njia hiyo hiyo ya setup.exe.